Mapovu Hayatoki: Mwongozo Kamili wa Kumfunga Mtoto Mchanga CPAP

Wauguzi wanaokuja wodini kwetu kujifunza, na hata wale waliokwisha kufundishwa wakarudi vituoni kwao, hukwama mahali pamoja. Mtoto amefungwa CPAP, ile mashine inayompa hewa yenye presha ya kudumu kupitia puani, kofia iko kichwani, mirija iko puani, oksijeni inavuma, lakini ile chupa ya maji kando ya kitanda imetulia tuli. Hakuna povu hata moja. Wengi hukimbilia kupandisha oksijeni. Mapovu yanachomoza kidogo, kila mtu anashusha pumzi, na baada ya saa moja mtoto yuko palepale, safari hii tumbo limejaa hewa na pua imeanza kuwa nyekundu.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, wakunga, matabibu na madaktari wa hospitali zenye wodi ya watoto wachanga. Dozi na vipimo vilinganishe na mwongozo wa taifa ulioko wodini kwako. Kama wewe ni mzazi, usijaribu chochote kati ya haya nyumbani. Mtoto mchanga anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anayeguna kila akitoa pumzi, ambaye kifua kinabonyea ndani au midomo imekuwa ya bluu, apelekwe hospitali sasa hivi, amebebwa kifuani ngozi kwa ngozi na kufunikwa vizuri.

Kwanza elewa chupa inafanya nini

Mapafu ya njiti hayana safaktanti ya kutosha, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinate. Kila mtoto akitoa pumzi, vifuko vinajikunja, na pumzi inayofuata inabidi avifungue upya. Ni sawa na kupuliza puto jipya kuanzia mwanzo mara 60 kwa dakika. Anachoka, kisha anaacha kupumua.

Ule mguno unaousikia ni mtoto anajitibu. Anabana koo ili hewa isitoke yote na vifuko vibaki wazi kidogo. CPAP inamfanyia kazi hiyo hiyo ili koo lipumzike.

Presha inatoka kwenye maji. Mrija wa kutolea hewa ukizamishwa sentimita 6, hewa haiwezi kutoka mpaka isukume sentimita 6 za maji, na mapafu yanabaki yamejazwa kwa presha hiyo. Hewa hufuata njia rahisi. Ikipata mwanya popote palipo rahisi kuliko kupita majini, itatokea huko, na chupa itanyamaza. Kwa hiyo chupa isiyotoa povu maana yake mtoto hapati presha, hata kama flomita (kipimo cha mtiririko wa hewa) inasoma lita 10 kwa dakika.

Vifaa vya kuweka mezani kabla ya kumgusa mtoto

- Chanzo cha oksijeni (mtungi, konsentreta, yaani mashine inayochuja oksijeni hewani, au ya ukutani) na chanzo cha hewa ya kawaida, kila kimoja na flomita yake, au mashine yenye kichanganyio
- Kopo la unyevunyevu lenye kipasha joto, na maji safi yaliyotakaswa
- Mrija wa kuingiza hewa na mrija wa kutolea hewa
- Chupa ya maji yenye alama za sentimita, na plasta ya kuikazia
- Mirija ya pua ya saizi tofauti, angalau tatu
- Kofia ya kusokotwa, pini za nepi mbili, rababendi
- Plasta laini ya kulinda ngozi ya pua
- Mpira wa tumbo namba 6 au 8 na bomba la sindano la mililita 10
- Oksimita (kipima oksijeni ya damu), kipimajoto, tochi yenye mwanga mkali
- Mfuko wa ambu, wa kumpulizia mtoto pumzi kwa mkono, na maski za saizi ya mtoto, vikiwa vimejaribiwa
- Maji ya chumvi (normal saline) na mpira wa kufyonza makamasi

Ambu usiiache kabatini. Siku utakapoihitaji hutakuwa na nafasi ya kutafuta ufunguo.

Hatua ya 1: Hakikisha huyu ni mtoto wa CPAP

CPAP ni ya mtoto anayepumua mwenyewe lakini kwa shida. Asiyepumua au anayetweta mara mojamoja anahitaji ambu kwanza, pumzi takriban 40 kwa dakika, huku ukitazama kifua kinainuka. Kumfunga CPAP mtoto asiyepumua ni kumpotezea dakika alizobaki nazo.

Pima ukali wa shida kwa alama za Silverman. Unatazama vitu vitano: kifua cha juu kinavyokwenda na tumbo, kubonyea kati ya mbavu, kubonyea chini ya mfupa wa kifua, pua kutanuka, na mguno. Kila kimoja kina 0, 1 au 2. Jumla ya 4 na kuendelea, anza CPAP. Ikifika 7, anza huku simu ya rufaa iko mkononi.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 inasema njiti mwenye dalili za shida ya kupumua apewe CPAP, na aliyezaliwa kabla ya wiki 32 anaweza kufikiriwa kuanzishiwa mara tu baada ya kuzaliwa hata bila dalili. Usingoje mtoto awe wa bluu. CPAP inayoanza mapema huhitaji oksijeni kidogo, na ile inayoanza mtoto akiwa hoi hushindwa mara nyingi, halafu lawama wanaipa mashine.

Usifunge kama kaakaa limepasuka, kama tundu za pua zimeziba tangu kuzaliwa, kama unashuku ngiri ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu (tumbo limeingia ndani na kifua kimevimba upande mmoja), kama koo la chakula limeungana na koo la hewa, au kama hewa imevuja nje ya pafu na haijatolewa.

Hatua ya 2: Jaribu mzunguko kabla haujafika kwa mtoto

Hii ndiyo hatua wanayoiruka, na nusu ya matatizo ya mapovu huanzia hapa.

Jaza chupa maji, zamisha mrija wa kutolea hewa sentimita 6, kisha ukaze kwa plasta usipande wala kushuka. Weka chupa chini ya usawa wa mtoto, ili maji yanayojikusanya mrijani yateremkie chupani yasimwendee puani.

Fungua hewa lita 6 hadi 8 kwa jumla. Vaa glavu, ziba matundu ya mirija ya pua kwa vidole viwili. Mapovu yatoke papo hapo, mfululizo, bila kurukaruka kwa fujo. Ukiachia vidole, yakome.

Yakitoka ukiziba, mashine ni nzima. Kumbuka jaribio hili, tutalirudia.

Onyo: kamwe usiunganishe oksijeni moja kwa moja kwenye pua kwa mirija inayoziba kabisa bila njia ya kutokea majini. Presha haitakuwa na kikomo na pafu litapasuka.

Hatua ya 3: Pua na kofia

Mrija wa pua ujaze tundu bila kulitanua. Ngozi ya ukingo wa pua ikigeuka nyeupe, mrija ni mkubwa. Ukiona mwanya pembeni, ni mdogo. Wengi wetu huchagua mdogo kwa huruma, tukidhani mkubwa utamuumiza. Mrija mdogo ndio unaoumiza, kwa sababu unavuja, unacheza, unasugua, na mwishowe unausukuma juu ukutane na ukuta wa pua ili usivuje.

Dondosha matone mawili ya maji ya chumvi kila tundu, fyonza taratibu kama kuna makamasi, lowesha mirija, kisha iingize mkunjo wake ukielekea chini. Bandika plasta laini juu ya mdomo na chini ya pua kabla ya kuingiza.

Kati ya kitako cha mirija na ukuta wa kati wa pua pabaki nafasi ya milimita 2 hivi. Ukuta ule ni gegedu laini lenye damu kidogo. Ukibanwa saa chache unakuwa mwekundu, siku moja unachubuka, siku tatu unaweza kukatika kabisa, na huyo mtoto atakwenda shule na pua isiyo na ukuta. Ndiyo maana nafasi hii tunaikagua kila saa.

Kofia ishuke mpaka juu ya nyusi na ifunike masikio. Mirija miwili ya hewa ipite pembeni mwa mashavu, kila mmoja ukishikwa na pini na rababendi kwenye kofia. Kofia iliyolegea ndiyo chanzo namba moja cha mirija kuhama. Kofia ikilegea, badilisha kofia, usiongeze plasta.

Hatua ya 4: Fungulia tumbo

Hewa ya CPAP inaingia pia tumboni. Pima mpira kutoka mdomoni hadi sikioni, kisha hadi katikati ya ncha ya mfupa wa kifua na kitovu. Upitishe mdomoni, kwa maana pua ina kazi nyingine. Vuta hewa yote kwa bomba, kisha uache mpira wazi, umeinuliwa juu kidogo ya mtoto.

Kila saa tatu vuta tena. Baada ya kumlisha, ziba nusu saa kisha fungua. Tumbo likijaa linasukuma kiwambo juu, na mtoto anarudi kuhema kama mwanzo, nawe unadhani ni mapafu.

Hatua ya 5: Oksijeni kiasi gani

Anza na presha ya sentimita 6 na oksijeni asilimia 30 hivi. Kama una flomita mbili, zidisha lita za hewa kwa 21, lita za oksijeni kwa 100, jumlisha, kisha gawanya kwa lita zote. Kwa jumla ya lita 8:

- Hewa 8, oksijeni 0: asilimia 21
- Hewa 7, oksijeni 1: asilimia 31
- Hewa 6, oksijeni 2: asilimia 41
- Hewa 5, oksijeni 3: asilimia 51
- Hewa 4, oksijeni 4: asilimia 61

Andika jedwali hili ulibandike ukutani. Saa tisa usiku hakuna anayepiga hesabu vizuri. Kama unatumia konsentreta, namba zitashuka kidogo maana haitoi oksijeni tupu.

Oksimita ifungwe mkono wa kulia. Kwa njiti aliye kwenye oksijeni unatafuta asilimia 90 hadi 95. Chini ya hapo ongeza oksijeni hatua moja. Juu ya 95 punguza, hata kama mama na daktari wamefurahia ile 100. Oksijeni nyingi huharibu mishipa midogo ya macho ya njiti, na upofu wake hauonekani wodini. Unagunduliwa miezi baadaye, mama anapoona mtoto hafuati sura yake. Mtoto anayetumia hewa ya kawaida tu akisoma 98, mwache, hana shida.

Hatua ya 6: Mapovu hayatoki

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Usiguse flomita. Toa mirija puani kwa sekunde chache, izibe kwa vidole vyenye glavu, tazama chupa.

*Mapovu yakitoka:* mashine ni nzima, mwanya uko kwa mtoto. Kagua kwa mpangilio huu. Mirija ni midogo? Imetoka nusu? Mdomo uko wazi? Shingo imekunjika? Kwa mdomo, weka kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega, unene wa kidole kimoja tu, shingo inyooke kidogo. Mpe chuchu ya kunyonya bila maziwa. Ukitumia ukanda wa kidevu uwe laini na uliolegea, aweze kupiga miayo na kutapika. Mapovu yanayokuja na kwenda mtoto anapolia si tatizo.

*Mapovu yasipotoka:* mwanya uko kwenye mashine, mtoto hausiki. Anza kwenye flomita ufuate hewa inakokwenda, kiungio kwa kiungio.

Usiku mmoja nilikabidhiwa mtoto wa gramu 1,350, na mwenzangu akaniambia mashine ni mbovu, wamepandisha hadi lita 10. Mama yake alikuwa kitanda cha pembeni. Akaniuliza, "Sista, mbona chupa ya mwenzangu inacheka na ya mwanangu imenuna?" Niliziba mirija. Kimya. Nikapitisha upande wa ndani wa kiganja changu polepole juu ya kila kiungio, na nilipofika kwenye kifuniko cha kopo la unyevunyevu nikasikia ubaridi mwembamba ukinigonga. Kifuniko kilifungwa kikiwa kimekaa upande. Nilikifungua, nikakirudisha sawa, nikashusha hewa hadi lita 7. Chupa ikacheka. Mtoto alikuwa amekaa saa tano bila presha, na karatasi yake ilikuwa imeandikwa "anaendelea na CPAP".

Kiganja husikia ubaridi haraka kuliko sikio linavyosikia mlio, hasa wodi ikiwa na kelele. Kagua kifuniko cha kopo, viungio vya mirija, mipasuko kwenye mirija iliyotumika mara nyingi, na mrija uliolaliwa na mtoto au kubanwa na mlango wa kitanda chenye joto. Kagua pia maji yaliyojikusanya kwenye kona ya mrija. Inua mrija uyateremshe chupani.

Mapovu yakiwa mengi mno na chupa inatikisika, hiyo nayo ni hitilafu. Punguza hewa lita moja moja mpaka yachemke taratibu kama maji ya chai yanayokaribia kuchemka.

Halafu kina cha maji. Unyevunyevu huongeza maji chupani, na sentimita 6 za asubuhi zinaweza kuwa 8 jioni bila mtu kugusa chochote. Pima kila zamu, mwaga yaliyozidi. Badilisha maji yote kila saa 24.

Hatua ya 7: Saa ya kwanza, kisha zinazofuata

Saa ya kwanza usiondoke. Kila dakika 15 andika pumzi, mapigo, oksijeni, mguno na kubonyea. Mafanikio yanaonekana hivi: mguno unapotea kwanza, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kubonyea kunapungua. Unaanza kushusha oksijeni. Idadi ya pumzi hushuka mwisho, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu bado anapumua mara 70.

Baada ya hapo kila saa, mpaka atulie, kisha kila saa tatu. Kila ukipita tazama vitu vinne: mapovu, pua, tumbo, oksimita. Mwombe mama naye aitazame chupa. Yeye halali, na macho yake yana sababu kuliko yangu. Mwambie tu: ikinyamaza, niite.

Makamasi yafyonzwe yanapoonekana. Kufyonza kwa ratiba kunavimbisha pua, na pua iliyovimba haipitishi hewa.

Hatua ya 8: Mambo yanayoangusha CPAP iliyofungwa vizuri

Joto: 36.5 hadi 37.5. Mtoto wa baridi anatumia oksijeni yote kujipasha. WHO inataka njiti abebwe kifuani kwa mama saa 8 hadi 24 kwa siku, na CPAP si kizuizi. Sogeza kiti karibu na mashine, kaza mirija kwenye kofia, mlaze kifuani kwa mama.

Sukari ya damu pima mara anapoanza. Antibayotiki anza kama huwezi kuondoa shaka ya maambukizi, kwa sababu nimonia na mapafu machanga hufanana. Njiti anayesahau kupumua apewe kafeini sitreti, miligramu 20 kwa kilo mwanzo, kisha 5 hadi 10 kwa kilo kila siku. Maziwa ya mama kwa mpira yanaweza kuanza akishatulia, kidogo kidogo.

Hatua ya 9: Ishara kwamba CPAP haitoshi

Ukishahakikisha mapovu yapo, pua iko sawa na tumbo liko tupu, na bado mtoto anahema, pandisha presha sentimita moja moja, mwisho 8. Piga simu ya rufaa kama anahitaji oksijeni zaidi ya asilimia 60 kwenye presha hiyo, kama anaacha kupumua mara kwa mara na kuhitaji ambu, au kama amechoka na hataki kujitingisha.

Mtoto aliyekuwa vizuri akibadilika ghafla, upande mmoja wa kifua haupandi, na mapigo ya moyo yamehamia upande mwingine, fikiria hewa iliyovuja nje ya pafu. Zima taa, gandisha tochi kwenye kifua. Upande wenye hewa utang'aa mwekundu kuliko wenzake. Toa CPAP, mwite daktari wa kuchoma sindano hapo hapo. Usisubiri eksirei.

Hatua ya 10: Kumtoa

Anakuwa tayari akikaa saa 24 bila kusahau kupumua, pumzi chini ya 60, hakuna kubonyea, oksijeni haizidi asilimia 30. Shusha presha hadi 5, tazama tena kwa saa kadhaa, kisha toa asubuhi. Usitoe jioni. Zamu ya usiku ina watu wachache, na mtoto akichoka anachoka saa nane.

Mtazame kwa karibu saa sita. Mguno au kubonyea kukirudi, mrudishe bila kuona haya. Wadogo sana huhitaji majaribio mawili au matatu.

Mirija ya pua na ya hewa ioshwe kwa sabuni, itakaswe kama mwongozo wa wodi unavyosema, ining'inizwe ikauke kabisa. Kagua kila mmoja kwa mwanga kama una ufa. Maji ya chupa yamwage siku hiyo hiyo, usiyaache yamsubiri mtoto mwingine.